Gari la Zamani Likigoma Asubuhi: Volti Zinapotelea Wapi?

Asubuhi ya baridi unageuza ufunguo, na gari linajibu kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa zake: ng'wii… ng'wii… kisha kimya. Taa za dashibodi zinang'aa. Honi inalia. Redio inaongea vizuri kabisa. Unajiambia betri ni nzima, basi mbovu ni stata, mota inayozungusha injini. Hoja hiyo imeuza stata nyingi ambazo hazikuhitajika, na mojawapo niliinunua mimi.

Kosa liko kwenye hiyo redio. Redio hula ampea moja au mbili tu. Taa kubwa mbili za mbele zikiwaka pamoja hula kama ampea tisa. Stata ya injini ndogo ya petroli yenye silinda nne huvuta ampea 100 hadi 200 inapozungusha, na ule mvuto wa kwanza, kabla haijaanza kuzunguka, huzidi hapo. Kuipima betri kwa redio ni sawa na kumpima mpagazi kwa kumbebesha mwavuli.

Magari ninayoyasema hapa ni ya kabureta, ya injekta za mwanzo, na dizeli za zamani. Haya hayana tundu la kuchomeka kompyuta ikakutajia ubovu, au yanalo lile ambalo halina la kusema. Vifaa vyake vya uchunguzi ni mita ya umeme ya bei ndogo, taa ya majaribio yenye waya mbili, na masikio.

"Haliwaki" ni maneno ya magonjwa mawili

Kabla hujafungua boneti, jiulize: injini haizunguki, au inazunguka lakini haishiki? Ukisema "haliwaki" kwa hali zote mbili, utampotosha fundi na utajipotosha mwenyewe. Injini isiyozunguka, au inayozunguka kwa kujivuta, ina shida kati ya betri, nyaya nene, ethi (njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha gari) na stata. Injini inayozunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haishiki, betri na stata zake zimeshamaliza kazi. Hapo tafuta cheche, mafuta, hewa na mgandamizo. Nimeona mtu akisafisha kabureta siku nzima kwa gari lililokuwa linazunguka kama saa inayoishiwa ufunguo.

Kuna eneo la kati linalochanganya, nalo ni injini inayozunguka polepole kiasi kwamba cheche nazo zinadhoofika. Stata inapovuta betri hadi volti tisa, koili inayozalisha cheche nayo inapata tisa hizo hizo badala ya kumi na mbili. Dalili inaonekana ya plagi, mzizi ni wa betri. Kwa hiyo mwendo wa kuzunguka ushughulikiwe kwanza, hata kama unashuku mafuta.

Kwa nini baridi ndiyo inayoleta haya? Kwa sababu usiku mmoja unapunguza nguvu na kuongeza mzigo kwa wakati uleule. Betri ya risasi na asidi, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, hutoa umeme kwa mmenyuko wa kemikali, na mmenyuko huo huzubaa kwenye baridi. Kwenye nyuzi 0 za sentigredi betri nzima hubaki na takriban theluthi mbili ya nguvu yake ya kuzungusha. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na karibu nusu, na hapo ndipo ile namba ya ampea za kuwashia baridi iliyoandikwa kwenye betri hupimwa. Upande wa pili oili imeganda kidogo, bastola na bearingi zinanatana, na stata inahitaji nguvu kubwa kuliko ya mchana. Oili ya 20W-50 kwenye baridi kali ni nzito mno kuliko ya 5W-30: herufi W husimamia majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili hutembea kwa urahisi zaidi injini ikiwa baridi. Juu ya hayo, petroli baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo injini inadai izungushwe muda mrefu zaidi kabla ya kushika.

Ndiyo maana gari lililokutesa saa kumi na mbili asubuhi huwaka kwa mguso mmoja saa saba mchana, mbele ya fundi, naye anakutazama kama mtu aliyezusha.

Kizuizi kidogo, hasara kubwa

Hesabu moja tu inafungua karibu kila fumbo la umeme wa gari. Volti zinazopotea kwenye kiungo ni sawa na ampea zinazopita hapo mara ukinzani wa kiungo hicho kwa ohmu. Chukua kichwa cha betri chenye ukungu mweupe, chenye ukinzani wa ohmu 0.01. Ni kidogo mno. Mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha. Washa taa kubwa, ampea 9: volti 0.09 zinapotea, na jicho halioni tofauti. Piga stata, ampea 150: volti 1.5 zimepotea hapo hapo. Weka viungo viwili vya namna hiyo njiani na stata imepokonywa volti tatu. Inabaki na tisa, pengine nane, na ndiyo ile sauti ya mzee.

Kutokana na hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalijua kwa mikono lakini hawalisemi kwa maneno: kiungo kibovu hakionekani mpaka kibebeshwe mzigo. Kukipima gari likiwa limelala, kwa ohmu, hakusaidii kitu. Unapima volti, na unapima wakati stata inavuta.

Kisa changu kilikuwa hivi. Gari lilikuwa la kabureta, choki (kibao cha kubana hewa injini ikiwa baridi) ya kuvuta kwa mkono. Asubuhi lilikuwa likijivuta, nikabadilisha betri. Likapata wiki moja nzuri, likarudia. Nikabadilisha stata. Likapata siku tatu. Asubuhi ya nne nilipiga stata kwa muda mrefu, kisha nikashika kitasa cha choki nikivute zaidi, kikanichoma vidole. Waya wa choki ni kamba ya chuma tu ya kuvutia. Hauna kazi yoyote ya umeme. Lakini ulikuwa wa moto, na ganda lake la plastiki lilikuwa linanuka.

Umeme hautoki kwenye betri ukaishia kwenye stata. Ni lazima urudi betrini, tena kiasi kilekile kilichotoka. Kwenye gari lile waya wa hasi ulifungwa kwenye bodi, na injini imekaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, mipira isiyopitisha umeme. Kati ya injini na bodi kulikuwa na utepe wa shaba uliosukwa, na huo ndio njia ya kurudia. Ulikuwa umeliwa na kutu kwenye bolti ya bodi mpaka zikabaki nyuzi chache. Basi ampea zaidi ya mia zikatafuta njia nyingine ya kurudi nyumbani, zikaipata kwenye waya wa choki na waya wa eksileta. Betri mpya ilisaidia kwa muda kwa sababu ilisukuma kwa nguvu zaidi kupitia njia ileile mbovu. Stata mpya ilisaidia kwa sababu, wakati wa kuifunga, nilisogeza vitu.

Hapo ndipo nilipoanza kupima kabla ya kununua.

Kupima njia nzima, hatua kwa hatua

Zuia injini isishike, ili stata izungushe bila kukatizwa. Kwenye petroli yenye distributa (kigawa cheche), chomoa waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili. Kwenye injekta, toa fyuzi ya pampu ya petroli na uzungushe mpaka mafuta yaliyobaki yaishe. Kwenye dizeli nyingi, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata mafuta) iliyo kwenye pampu. Mita iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20. Msaidizi mmoja akae kwenye ufunguo, na kila jaribio lisizidi sekunde tano hivi. Stata huchemka haraka.

Anza na betri iliyolala usiku kucha bila kuguswa. Volti 12.6 ni imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni kama robo, na 11.8 imeisha. Kama iko chini ya 12.4, ichaji kwanza, kwa maana vipimo vyote vinavyofuata vitadanganya. Ila volti hizi za betri iliyopumzika hueleza chaji tu, hazielezi uzima: betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 na kuanguka hadi saba ukiigusa na stata.

Kwa hiyo kipimo cha pili ndicho cha ukweli. Ncha za mita ziwe kwenye nguzo za betri, msaidizi apige stata. Kwenye hali ya hewa ya kawaida, isishuke chini ya volti 9.6, betri nzuri kwenye injini ndogo hukaa juu ya kumi. Andika namba hiyo.

Kipimo cha tatu kinawashangaza watu. Ncha moja ya mita ikandamize juu ya nguzo yenyewe ya risasi, katikati, na nyingine kwenye kibano kilichoikamata nguzo hiyo. Ni milimita chache kati yao. Piga stata. Mita inatakiwa kusoma sifuri au karibu yake. Ikisoma 0.5, nusu volti imepotea kwenye utando wa kutu mwembamba kuliko karatasi, kati ya risasi na kibano ambacho ukikitingisha hakichezi. Fungua, kwangua mpaka risasi ing'ae, osha unga mweupe au wa kijani kwa maji yenye bikaboneti ya soda, kausha, funga, kisha paka grisi juu. Grisi ni ya juu, baada ya kufunga.

Sasa upande wa kurudi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, pasipo rangi wala oili. Piga stata. Volti 0.2 au pungufu ni sawa. Kwenye gari langu nilisoma 2.3. Kisha upande wa kwenda: nguzo ya chanya hadi bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri, isizidi nusu volti. Ikizidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo hadi namba iruke. Kiungo kilichoruka ndicho mwizi. Waya nao huweza kuoza ndani ya ganda: ukiupinda ukasikia mkwaruzo kama wa mchanga, au ukaona shaba imegeuka kijani karibu na kishikio, ukate na uweke mwingine wenye unene uleule au zaidi.

Ukishapata namba hizo, stata inajieleza yenyewe. Hasara ni ndogo pande zote, volti za betri zimebaki juu, sema 11.5, na bado inazunguka kivivu au imekataa? Stata haivuti umeme wa kutosha: kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota inayozunguka) zimeisha au ndani kuna mguso mbovu. Betri imethibitika nzima lakini volti zinaporomoka chini ya tisa? Stata inavuta kupita kiasi, bushi zimelika hadi rota inasugua ndani, au injini yenyewe ni nzito kuzungushwa. Hapo sasa ndipo mtu anaweza kutoa pesa.

Stata husema

Mlio wa haraka, ta-ta-ta-ta-ta, ni betri dhaifu au kiungo kibovu, mara nyingi sana. Solenoidi ya stata, swichi yake ya sumaku ya umeme, ina koili mbili: moja ya nguvu ya kuvuta, nyingine ya kushikilia. Ukigeuza ufunguo inavuta, inafunga mguso mkubwa, stata inadai ampea zake zote, volti zinaanguka, koili ya kushikilia inakosa nguvu, mguso unaachia. Mzigo ukiondoka volti zinarudi, inavuta tena. Ni mapigo hayo unayoyasikia.

Tak! moja nzito kisha kimya ni habari nyingine. Solenoidi imevuta na kushikilia, lakini stata haizunguki: migusano ya ndani imeungua, kaboni zimekwama, au gia ndogo imeng'ang'ania kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini. Wapo wanaoigonga stata kwa nyundo ikaamka. Inaamka kweli, kwa sababu kaboni fupi imesogea ikagusa tena. Lakini imekuambia umebakiza siku chache.

Kimya kabisa, huku taa kubwa zikibaki angavu, ni waya mwembamba unaoamuru solenoidi. Njiani una swichi ya ufunguo, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwenye baadhi ya magari, na kwenye gia za kujiendesha ile swichi inayozuia kuwasha gari likiwa kwenye gia. Jaribu kuwasha kwenye N badala ya P. Ikiwaka, umeshapata. La sivyo, shika taa ya majaribio kwenye waya huo pale unapoingia solenoidi: ikiwaka unapogeuza ufunguo, ubovu ni solenoidi, isipowaka, rudi nyuma kuelekea ufunguo. Na mvumo mwepesi wa kitu kinachozunguka bila mzigo ni bendeksi, ile gia ndogo ya stata, isiyokamata flaiwili. Huo hauna uhusiano na betri.

Betri nzima jana, mfu leo

Wengi wanaamini kuwasha gari ndiko kunakoimaliza betri. Piga hesabu: ampea 150 kwa sekunde tatu ni ampea-saa 0.125 tu. Altaneta nzima, ile mashine inayochaji betri injini ikiwa hai, inairudisha kwa dakika chache. Kinachoimaliza ni kurudia kuzungusha sekunde kumi kumi kwa gari lisiloshika, altaneta isiyochaji, au kitu kinachokula usiku.

Altaneta ipime injini ikiwa hai, kwenye nguzo za betri. Kati ya 13.8 na 14.5 ni vizuri, na namba isianguke chini ya 13 hivi ukiwasha taa kubwa na feni. Ikipita 15, kidhibiti volti kimekufa na betri inachemshwa. Utaona maji yake yakipungua kila wiki. Ukigeuza mita kwenye volti za mkondo geu ukasoma zaidi ya nusu volti hapo hapo betrini, dayodi mojawapo ya altaneta (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) imekwenda, nayo inaweza pia kuvujisha umeme usiku.

Kitaa chekundu cha chaji kinafaa kuangaliwa hata kikiwa kimezimika. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, gari linaweza kutembea bila kuchaji mpaka ukanyage eksileta sana, au lisichaji kabisa, na hakuna taa ya kukuonya kwa sababu taa yenyewe ndiyo mgonjwa. Geuza ufunguo bila kuwasha: kitaa kisipowaka, anza na balbu ya bei ya peremende kabla ya kushusha altaneta. Feni belti nayo ikaze. Belti inayolia asubuhi inateleza.

Kuna mtindo wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa hai, "kuona kama altaneta inafanya kazi". Mtindo huo ulikuwa na unafuu wakati wa dinamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta. Altaneta, ambazo Chrysler ilianza kuzieneza kwenye magari ya abiria na Valiant ya mwaka 1960, zina dayodi, na betri ndiyo inayomeza mawimbi ya volti. Ukiiondoa, volti zinaruka, dayodi zinaungua, na kompyuta ya injekta kama ipo inaweza kwenda nazo. Simruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari langu, hata kama ana miaka thelathini kwenye kazi.

Kwa mvujo wa usiku, zima kila kitu, funga milango, toa waya wa hasi, na uunganishe mita ya ampea kati ya waya huo na nguzo. Anza na kipimo cha ampea 10, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika papo hapo. Subiri nusu saa kama gari lina alamu au kompyuta. Miliampea 50 au pungufu inavumilika. Gari lenye saa tu linapaswa kuwa chini mno ya hapo. Ukisoma 0.4, hiyo ni balbu ya wati 5: ya kabati la dashibodi, ya buti, au ya chini ya boneti. Ampea 0.4 kwa siku ni karibu ampea-saa 10, kwa hiyo betri ya 45 iliyokuwa imejaa Ijumaa haitawasha gari Jumatatu au Jumanne yenye baridi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, chomoa altaneta. Redio na alamu zilizofungwa baadaye ni washukiwa wangu wa kwanza.

Ukilazimika kupiga jampa (kuwasha kwa betri ya gari jingine), chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na mwisho wa yote waya wa hasi kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochaji hutoa haidrojeni, na cheche ya mwisho isitokee juu yake. Tazama pia alama kabla ya kugusa: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana ethi ya chanya, yaani nguzo ya chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi.

Inazunguka vizuri, haishiki

Mfumo wa koili na pointi za distributa ni wa Mmarekani Charles Kettering, ambaye pia stata yake ya umeme iliingia kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Ndani yake kuna mtego mmoja unaofaa kujulikana. Koili nyingi huendeshwa kwa volti chache kuliko 12 kupitia kizuizi, na wakati wa kupiga stata tu kizuizi kinarukwa ili koili ipate volti zote za betri. Kama injini inashika ufunguo ukiwa kwenye stata na kuzimika pale unapoachia, kizuizi kimekatika. Kama inaguna pale unapoachia tu, waya wa kurukia ndio uliokatika. Tofauti hiyo ya nusu sekunde imeniokoa mara mbili.

Asubuhi yenye umande, kifuniko cha distributa na nyaya za plagi huvujisha cheche kwenye unyevu. Fungua boneti gizani, mtu apige stata: utaona vimimuliko vya buluu vikitambaa juu ya plastiki. Ufa mwembamba kama unywele, uliojaa masizi, haufutiki, badilisha kifuniko.

Kabureta huhitaji choki ifunge sawasawa injini ikiwa baridi. Toa kisafisha hewa uone kibao kimeziba koo. Plagi zikitoka zimelowa na kunuka petroli, umezamisha: kanyaga eksileta hadi chini bila kupampu, zungusha, hewa iingie. Zikitoka kavu baada ya kuzungusha kwa muda, mafuta hayafiki.

Injekta hazina choki; kompyuta huamua kwa kuangalia sensa ya joto la maji. Ukinzani wa sensa hiyo huwa mkubwa ikiwa baridi, mara nyingi ohmu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi mia mbili au tatu injini ikichemka. Sensa inayosema "moto" asubuhi hulinyima gari mafuta ya ziada, halafu mchana kila kitu ni shwari. Ni kipande kidogo cha shaba chenye waya mbili, na watu hubadilisha pampu kwa ajili yake. Ukigeuza ufunguo mara tatu bila kupiga stata, ukasikia pampu ikinguruma kila mara, kisha gari likawaka haraka, shinikizo la mafuta linavuja usiku.

Dizeli haina cheche, hutegemea joto la mgandamizo, kwa hiyo hita plagi ndizo zinazoisaidia kwenye baridi. Hita nzima husoma karibu ohmu moja au pungufu. Iliyokatika haisomi kitu. Moja ikifa, injini huwaka ikitetemeka na kutoa moshi mweupe wa kuwasha macho, kisha hutulia. Zote zikifa kwa mpigo, shuku rilei yake.

Mizimu ya taa

Unakanyaga breki, indiketa inakuwa nusu. Unawasha taa, geji ya joto inapanda. Watu huita mizimu, na mara nyingi ni ethi ileile iliyonichoma vidole, sasa kwenye taa ya nyuma. Kishikio cha balbu kikipoteza njia ya kurudi kwenye bodi, umeme wa breki unapita kinyumenyume kwenye balbu ya indiketa kutafuta njia, na zote mbili zinawaka hafifu. Chukua waya, unganisha ganda la taa moja kwa moja na hasi ya betri. Mzimu ukitoweka, kwangua rangi na kutu kwenye skrubu ya ethi, kaza. Geji ya mafuta na ya joto zikipanda au kushuka pamoja, angalia kidhibiti volti kidogo cha nyuma ya dashibodi, ambacho kwenye magari mengi ya zamani huzipa geji hizo volti kama kumi.

Fyuzi inayokatika tena na tena ina sababu, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyofungwa hapo huhamishia moto ndani ya waya, chini ya zulia, usikouona.

Utepe mpya wa ethi niliufunga kwa dakika kumi na tano, spana moja na kipande cha msasa. Mita ilisoma 0.1. Stata niliyoitoa ilikaa kwenye boksi miaka miwili kabla sijaifungua kwa udadisi, na kaboni zake zilikuwa na zaidi ya nusu ya urefu.